Vidonge, Depo, vijiti na P2 mjini Mombasa: zinazuia nini, na nini haziwezi

Ingia kemisti yoyote, kuanzia Mwembe Tayari hadi Bamburi, uulize dawa ya kupanga uzazi. Utawekewa pakiti mbili tatu mezani uchague. Mara chache utaambiwa kila moja inazuia nini, inaharibiwa na nini, na inakuacha bila kinga wapi. Tathmini hii inazipitia bidhaa za homoni zinazopatikana kwa wepesi hapa mjini kwa maswali hayo matatu.

Tuanze na jambo linalozihusu zote, maana ndilo linaloumiza watu wengi. Hakuna hata moja kati yake inayozuia VVU, kaswende, kisonono, klamidia, malengelenge ya sehemu za siri wala virusi vya HPV. Si kwamba zinakinga kidogo, hazikingi kabisa. Homoni hulaza mayai yasipevuke, na huufanya ute wa mlango wa kizazi uwe mzito ili mbegu za kiume zisipenye. Vijidudu vya kisonono havina safari ya kwenda kwenye yai: vinanasa pale pale kwenye mlango wa kizazi. VVU navyo huingia kupitia utando wa uke, mahali ambapo kidonge hakina kazi yoyote.

Upo pia uvumi wa upande wa pili, kwamba Depo, sindano ya homoni, ndiyo inayoleta VVU. Suala hilo lilichunguzwa kwa kina katika utafiti ulioitwa ECHO, uliowafuatilia wanawake 7,829 katika Kenya, Afrika Kusini, Eswatini na Zambia, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2019. Waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine Depo, wengine koili ya shaba inayowekwa ndani ya kizazi, wengine vijiti vya Jadelle vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono. Hatari ya kupata VVU haikutofautiana kwa kiasi kikubwa baina ya makundi hayo. Lakini katika makundi yote matatu, karibu wanawake 4 katika kila 100 waliambukizwa kwa mwaka, na hao ni watu waliopewa kondomu na ushauri kila walipofika kliniki. Kwa hiyo Depo haikuleta VVU, na wala hakuna njia yoyote kati ya hizo tatu iliyowaokoa navyo.

Vidonge vya kila siku

Femiplan na Microgynon ndivyo vinavyouzwa sana. Kadi moja ina vidonge 28: 21 vya homoni, na 7 vya kahawia vya madini ya chuma. Vile vya kahawia havizuii mimba. Kazi yake ni kukuongezea damu na kukushika katika mazoea ya kumeza kila siku, ili kadi mpya ianze siku inayofuata bila pengo. Hapo ndipo wengi wanapoteleza: anachelewa kununua kadi mpya siku mbili tatu, anadhani bado yumo katika mapumziko, yaani zile siku 7 za vidonge vya kahawia, kumbe mayai yamekwisha kuamka. Siku za hatari kubwa kuliko zote ni zile zinazorefusha mapumziko ya siku 7. Nunua kadi ya pili ukiwa bado hujaigusa kahawia.

Ukianza ndani ya siku 5 za mwanzo wa hedhi, umekingwa na mimba tangu siku hiyo. Ukianza wakati mwingine wowote, tumia kondomu siku 7 za kwanza.

Ukisahau kidonge kimoja au viwili vya homoni, meza mara ukumbukapo, hata ikibidi kumeza viwili siku moja, kisha endelea kama kawaida. Ukisahau vitatu au zaidi, meza kimoja upesi, endelea na kadi, na tumia kondomu siku 7. Kama vitatu hivyo vimekosekana katika wiki ya tatu, maliza vya homoni, vitupe vya kahawia vyote, na fungua kadi mpya kesho yake, usifanye mapumziko. Ukitapika ndani ya saa mbili baada ya kumeza, meza kingine. Kuhara au kutapika kunakozidi siku mbili kunahesabiwa sawa na kusahau.

Vikitumiwa bila kosa hata moja, chini ya mwanamke mmoja katika 100 hupata mimba kwa mwaka. Katika maisha ya kweli ni kama 7 katika 100. Tofauti hiyo yote ni kusahau, kuchelewa na kutapika. Kwa hiyo hukumu yetu juu ya vidonge inategemea mtu: mwenye saa maalumu ya jambo fulani kila siku atanufaika navyo, mwenye zamu za usiku zinazobadilika, awe bandarini au hotelini, atafute njia nyingine.

Ramadhani inahitaji neno lake. Aliyezoea kumeza saa mbili asubuhi ahamishie kwenye daku. Kuwahisha kidonge hakuharibu kitu. Kuchelewesha ndiko kunakoharibu. Mfungo ukiisha, mwenye Femiplan anaweza kurudi saa yake ya asubuhi bila wasiwasi, kwani kuchelewa kwa muda wa saa tatu au nne hakumdhuru. Mwenye Microlut, kidonge cha mama anayenyonyesha, ana nafasi ya saa 3 tu. Kutoka daku hadi saa mbili asubuhi anaipita nafasi hiyo, kwa hiyo akipenda kurudi, asogeze kidogo kidogo kwa siku kadhaa, ama abaki na saa ile ile. Kadi ya Microlut ina vidonge 35, vyote vya homoni. Haina kahawia wala mapumziko.

Femiplan na Microgynon zina homoni ya estrojeni, na estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda. Wasizitumie wenye presha ya 140/90 au zaidi, wavutaji sigara waliofika miaka 35, wenye kipandauso kinachotanguliwa na kuona vimulimuli, waliowahi kuganda damu mguuni au mapafuni, na wanaonyonyesha mtoto aliye chini ya miezi 6. Kemisti asiyekupima presha kabla ya kukuuzia kadi ya kwanza hajamaliza kazi yake. Maumivu makali ya shavu la mguu mmoja, kifua kubana ghafla, au kuumwa kichwa kwa namna ambayo hujawahi kuijua ni sababu ya kuacha vidonge na kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Depo na Sayana Press

Depo-Provera ni miligramu 150 katika mililita 1, hudungwa kwenye msuli kila baada ya wiki 13. Unaweza kuwahi wiki 2 au kuchelewa hadi wiki 4 na bado ukadungwa bila shida. Ukizidi hapo lazima ihakikishwe kwanza kwamba huna mimba, kisha kondomu siku 7. Andika tarehe ya kurudi kwa wiki, usihesabu miezi.

Kinachoharibu Depo mara nyingi ni mkono wa mdungaji. Dawa hii hutuama chini ya kichupa. Isipotikiswa sawasawa, sehemu ya dawa inabaki kwenye kioo na wewe unapewa pungufu. Tazama kichupa kikiwa bado kimefungwa, soma tarehe ya mwisho, hakikisha bomba la sindano limetolewa kwenye pakiti mbele yako, na uone kikitikiswa. Baada ya kudungwa usikande pale wala usibandike kitambaa cha moto. Kukanda kunaifanya dawa iingie mwilini upesi na kwisha kabla ya wakati.

Sayana Press ni dawa ile ile, miligramu 104 katika kifuko kidogo chenye sindano fupi, na mwanamke anaweza kujidunga mwenyewe akishafundishwa. Kitikise kwa nguvu sekunde 30. Sukuma kifuniko kuelekea kwenye kifuko mpaka ile nafasi iliyo katikati izibike kabisa; isipozibika, dawa haitoki, na hilo ndilo kosa la kawaida la wanaoanza. Vuta kifuniko. Finya ngozi ya tumbo au ya mbele ya paja, ingiza sindano yote ikielekea chini, kisha minya kifuko polepole kwa sekunde 5 hadi 7. Usisugue. Kifuko kilichotumika kitiwe kwenye kopo lenye mfuniko na kirudishwe kliniki, kisitupwe jaani. Kwa msimu wa joto wa Januari hadi Machi, viweke mahali penye kivuli chumbani. Visiachwe ndani ya gari wala dirishani. Tunaipenda Sayana kwa sababu inamwondolea mama wa Mtongwe au Jomvu safari na foleni, na wakati wa mfungo anaweza kujidunga usiku baada ya futari.

Sasa athari. Depo huvuruga hedhi. Miezi ya mwanzo ni matone yasiyo na mpango. Kufikia mwaka mmoja, karibu nusu ya watumiaji hawaoni hedhi kabisa. Damu haijikusanyi popote tumboni. Ukuta wa kizazi haukujengeka, basi hakuna cha kutoka. Matone hayo ndiyo yanayowafanya wengi waiache, na hapa kwetu yana uzito wa ziada kwa mwenye kusali na kufunga, ambaye hajui ahesabu siku zipi. Muuguzi anaweza kukuambia kwamba ni athari ya homoni wala si ugonjwa, na anaweza kukupa ibuprofen kwa siku 5, baada ya kula, kama huna vidonda vya tumbo. Swala na saumu ni swali la mwanachuoni unayemwamini, na ni vyema liulizwe kabla ya sindano ya kwanza.

Uzito huongezeka kwa wastani wa kilo 1 hadi 2 kwa mwaka. Mifupa hupungua uzito kidogo, kisha hurejea ukiacha. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa 2024 uliihusisha Depo, ikitumiwa kwa mwaka mmoja au zaidi, na ongezeko la meninjioma, uvimbe wa utando wa ubongo. Uvimbe huo ni adimu, lakini mwenye nao au aliyewahi kuwa nao achague njia nyingine. Na ukiacha Depo, rutuba hairudi mara moja: kwa wastani ni miezi 10 tangu sindano ya mwisho hadi kushika mimba. Anayetaka mtoto mwakani asidungwe mwaka huu.

Kwa upande wa pili, Depo ni salama kwa mwenye selimundu, na huenda ikampunguzia yale mashambulizi ya maumivu. Pwani ni nyumbani kwa familia nyingi zenye ugonjwa huo, na si wengi wanaoambiwa hivi.

Vijiti

Kwa nguvu ya kuzuia mimba, hapa ndipo tunapotoa alama za juu kuliko zote. Implanon NXT ni kijiti kimoja chenye miligramu 68 za etonojestreli, kwa miaka 3. Jadelle ni viwili, kila kimoja miligramu 75 za levonojestreli, kwa miaka 5. Levoplant ni viwili, kwa miaka 3. Chini ya mwanamke mmoja katika 100 hushika mimba kwa mwaka, na hesabu hiyo haibadiliki katika maisha ya kweli kwa kuwa hakuna cha kukumbuka.

Huwekwa upande wa ndani wa mkono usioutumia kuandikia, juu kidogo ya kiwiko, chini tu ya ngozi, kwa ganzi. Kabla hujaondoka, kiguse wewe mwenyewe kwa vidole. Usipokihisi, mwambie mhudumu hapo hapo na utumie kondomu hadi kijulikane kilipo. Implanon NXT huonekana kwa eksirei. Kazi ngumu ni kutoa, hasa kijiti kilichowekwa kwa kina. Uliza mapema kama mahali hapo wanatoa pia. Kituo kinachoweka bila kutoa, hatukipendekezi hata kikiwa cha bure. Na asikuambie mtu kwamba huna ruhusa ya kutolewa kabla ya muda: ni mwili wako, unatolewa siku utakayo.

Kuhusu koili ya homoni, Mirena, tuseme machache: hukaa ndani ya kizazi kwa miaka isiyopungua 5 na hupunguza sana damu ya hedhi. Ni nzuri mno kwa mwenye hedhi nzito, ila hupatikana zaidi katika kliniki za kulipia.

P2

P2 ni dawa ya dharura ya kuzuia mimba baada ya tendo: vidonge viwili vya Postinor-2, kila kimoja miligramu 0.75. Meza vyote viwili kwa pamoja, mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72. Hadi saa 120 vinaweza kusaidia, lakini nguvu inapungua kila saa inayopita. Kazi yake ni kuchelewesha yai lisitoke. Kama yai limekaribia kabisa kutoka au limekwisha toka, P2 haina la kufanya. Ndiyo maana wapo wanaomeza kwa wakati na bado wakashika mimba. Haitoi mimba iliyokwisha kutunga. Hupungua nguvu kwa mwenye mwili mkubwa. Ukitapika ndani ya saa mbili, rudia.

Kosa kubwa ni kuamini kwamba P2 ya Ijumaa inakukinga hadi Jumapili. Imesogeza yai mbele tu, na tendo la Jumamosi linaweza kukutana nalo. Baada ya P2, kondomu au njia ya kawaida ya kupanga uzazi ianze mara moja. Hedhi ikichelewa zaidi ya wiki moja, au wiki tatu zikipita bila hedhi, pima mimba. Koili ya shaba ikiwekwa ndani ya siku 5 inaishinda P2 kwa mbali, kisha inaendelea kukukinga na mimba kwa miaka isiyopungua 10.

Usinunue kile kidonge cha Kichina cha mwezi mara moja, kinachoitwa Sofia. Hakijasajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, na kipimo cha homoni ndani yake hakina mdhamini. Kemisti halali huwa na leseni ya bodi hiyo imetundikwa ukutani, isipoonekana, ulizia.

Dawa zinazovunja kinga

Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huliamsha ini likaichoma homoni kwa kasi. Mwenye vidonge au vijiti anayetibiwa kifua kikuu yuko hatarini kupata mimba katika miezi 6 yote ya matibabu na kama mwezi mmoja baadaye. Dawa za kifafa nazo ni hivyo hivyo: kabamazepini, fenitoini na fenobabito. Efavirenzi, ARV ya zamani, hushusha homoni ya vijiti kwa karibu nusu. Dolutegraviri, inayotumiwa sasa na wengi nchini, haina tatizo hilo. Depo haivunjwi na rifampisini wala efavirenzi, kwa hiyo ndiyo chaguo letu kwa mgonjwa wa kifua kikuu. Kwa P2, anayetumia dawa hizi huhitaji kipimo maradufu au koili ya shaba.

Amoksilini haivunji chochote. Kwa dawa za malaria za artemeta na lumefantrini, maelezo ya mtengenezaji yanashauri kuongeza kondomu, kwa kuwa huenda zikapunguza nguvu ya homoni. Wapo wanaoacha kumeza dawa ya malaria kwa kuogopa hili, na hakuna sababu ya kuiacha.

Faida zisizosemwa

Vidonge vya estrojeni hupunguza hatari ya saratani ya ovari na ya ukuta wa kizazi, na faida hiyo hubaki miaka mingi baada ya kuacha. Hupunguza maumivu ya hedhi na upungufu wa damu. Huongeza kidogo hatari ya saratani ya matiti na ya mlango wa kizazi kwa anayeendelea kuvitumia, na ongezeko hilo hufifia akiacha. Saratani ya mlango wa kizazi inatokana na HPV, ambayo homoni haiigusi. Kinachoizuia ni chanjo, ile iliyozinduliwa kitaifa hapa hapa Mombasa Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10, pamoja na uchunguzi wa mlango wa kizazi kwa mama zao.

Basi maradhi yazuiwe na nini

Kondomu, pamoja na njia ya homoni, si badala yake. Kondomu pekee, kwa matumizi ya kawaida, huacha kama wanawake 13 katika 100 wakishika mimba kwa mwaka. Kijiti kinaziba pengo hilo, na kondomu inaziba la maradhi. Jozi hii ya kijiti na kondomu ndiyo tunayoipa nafasi ya kwanza kwa yeyote asiye na hakika na hali ya mwenzake. HPV, malengelenge na kaswende hukaa pia kwenye ngozi isiyofunikwa, kwa hiyo hapo kondomu hupunguza bila kumaliza.

Mafuta ya nazi huharibu mpira wa kondomu kwa dakika chache. Vaseline na mafuta ya kujikanda ni vivyo hivyo. Tumia vilainishi vya maji. Kondomu zilizokaa kwenye waleti au ndani ya tuktuk juani zimekwisha kuharibika hata kama tarehe haijafika. Usivae mbili kwa pamoja. Zinasuguana na kupasuka.

Kwa VVU pekee kuna PrEP, vidonge vya kila siku kwa asiye na virusi, vinavyotolewa bure katika vituo vya serikali nchini tangu 2017. Havizuii mimba wala kisonono. Na kama jambo limekwisha kutokea, kondomu imepasuka au mtu amebakwa, P2 inashughulikia mimba tu. PEP, dawa ya kuzuia VVU baada ya tukio, ianze ndani ya saa 72 na imezwe siku 28. Hospitali kuu ya Pwani, Coast General, ina kituo cha waliofanyiwa ukatili wa kingono, na hapo PEP, P2 na matibabu ya magonjwa ya zinaa hutolewa pamoja. Usioge wala kufua nguo kabla ya kwenda, na usisubiri kwanza ripoti ya polisi.

Kwa njia za kawaida, hospitali za serikali za Tudor, Port Reitz na Likoni hutoa huduma ya kupanga uzazi, na kwa sera ya taifa bidhaa zenyewe ni za bure. Piga simu au mtume mtu aulize kama aina unayoitaka ipo, kwani hukatika. Family Health Options Kenya wana kliniki mjini kwa anayetaka faragha zaidi. Nenda na dawa zako zote ndani ya mfuko, hata za mitishamba, uziweke mezani mbele ya muuguzi. Na ukishika mimba ukiwa na kijiti au koili, halafu ukapata maumivu makali upande mmoja wa tumbo la chini, kizunguzungu au maumivu ya bega, usingoje asubuhi: hiyo inaweza kuwa mimba ya nje ya kizazi, na inahitaji upasuaji usiku huo huo.